Chuo kikuu binafsi kinataka kuja parishi yetu: kwingine wananchi wanavionaje vyuo hivi, na tuulize nini kabla ya kusaini?

chini_ya_Wanale

Habari zenu ndugu zangu. Naandika kwa niaba ya kamati ya parishi moja upande wa Mbale, mashariki mwa Uganda.

Kuna wawekezaji wamemfikia mwenyekiti wa LC3 (baraza la kaunti ndogo) na ramani ya chuo kikuu binafsi. Wanataka ekari 40, sehemu kubwa ikiwa ardhi ya ukoo, na wanasema ndani ya miaka mitano watakuwa na wanafunzi 3,000. Kijiji tayari kimegawanyika. Wenye viwanja kando ya barabara wanahesabu hosteli, na vijana wa stegi ya boda wanashangilia. Kina mama wanauliza maji ya watu wote hao yatatoka wapi. Wazee wanasema ni chuo cha watoto wa wengine, kwa sababu ada hawataiweza. Walimu wa sekondari nao wanasema vyuo binafsi vinauza shahada.

Kabla ya mkutano wa hadhara tumeagizwa kukusanya maoni ya watu. Naomba msaada kwa mambo matatu. Vyuo hivi vikishakaa miaka kumi au ishirini, majirani huviona vipi, na ni nini hasa kinachogeuza shangwe kuwa kinyongo? Tukusanyeje maoni ili tusipate majibu ya adabu tu? Na ni yapi yaandikwe kwenye mkataba? Majina ya wawekezaji tusiyalete hapa.

Karani_wa_Seneti

Ndugu, kwa swali la kwanza hamhitaji kwenda mbali. Islamic University in Uganda kilifunguliwa hapo hapo Mbale mwaka 1988, wakati nchi nzima ilikuwa na Makerere peke yake. Baadaye vikaja Ndejje (1992), Uganda Martyrs kule Nkozi (1993), Nkumba na Bugema (1994), Uganda Christian University kule Mukono (1997). Leo vyuo vikuu binafsi nchini vimezidi 40. Kuna uzoefu wa zaidi ya miaka thelathini wa kujifunza kutoka kwake, ila majirani hawasemi kauli moja, kwa sababu vyuo vyenyewe havikuingia vijijini kwa mlango mmoja.

Vingine vilikua juu ya taasisi ya dini iliyokuwepo tangu zamani. Mukono palikuwa na chuo cha theolojia cha Bishop Tucker tangu 1913. Bugema palikuwa na chuo cha Waadventista tangu 1948. Hapo babu alishamjua mwenye nyumba, na chuo kikuu kilionekana kama mtoto aliyekua. Vingine vilianzishwa na wenyeji wenyewe: Kabale mwaka 2002, na Mountains of the Moon kule Fort Portal mwaka 2005. Viongozi na wananchi walivitafutia ardhi na pesa, kwa hiyo tangu siku ya kwanza watu walisema "chuo chetu", na vyote viwili hatimaye vikawa vya serikali. Aina ya tatu ni ya mwekezaji anayekuja na mtaji wake. Huyu hana babu wa kumtambulisha. Atapimwa kama mfanyabiashara yeyote: analipa, halipi, anatimiza, hatimizi. Inaelekea mgeni wenu ni wa aina hii, na si kosa lake, lakini mjue kwamba imani ya watu ataianza kutoka sifuri.

Kuhusu shahada za kununua. Kiwango cha kuingia hakipangwi na chuo chenyewe. Kwa shahada ni ufaulu mkuu (principal pass) katika masomo mawili ya kidato cha sita, uliopatikana katika mtihani wa mwaka mmoja, au diploma inayotambuliwa, au mtihani wa watu wazima kwa aliyefika miaka 25. Hili ni sawa kwa Makerere na kwa chuo cha jana. Wasiwasi wa walimu una msingi mahali pengine: kama chuo kinafuata kiwango hicho kweli, na kama kozi zake zimesajiliwa. Msisahau Mei 2023, orodha ya kozi zilizopita muda wake wa kukaguliwa iliposambaa na kuwashtua wazazi. Makerere nacho kilikuwemo, na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu likalazimika kueleza kwamba kozi kungoja ukaguzi si sawa na shahada kufutwa. Katika hofu kama ile chuo binafsi huumia zaidi, maana jina lake halina mizizi.

Ngazi za leseni chini ya sheria ya vyuo vikuu ya 2001 ni tatu: barua ya idhini ya awali, kisha leseni ya muda, kisha chata, yaani hati kamili ya chuo kikuu, inayotolewa na Rais. Chuo binafsi cha kwanza kupata chata kilikuwa kile cha Mukono, mwaka 2004, miaka saba baada ya kufunguliwa. Barua ya idhini ya awali ni ruhusa ya kujiandaa tu. Kusajili wanafunzi kunangoja leseni ya muda. Mwekezaji akiwaonyesha karatasi, soma ni ngazi ipi, nakili namba na tarehe, halafu kamati iandikie Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kuuliza. Msikubali cheti cha kusajili kampuni kama ushahidi wa leseni ya chuo. Watu wengi huchanganywa hapo.

Na swalini waziwazi: leseni ikifutwa itakuwaje? Desemba 2017 Baraza lilifuta leseni ya Busoga University kule Iganga, na mpango wa serikali kukichukua ukavuta miaka. Mwanafunzi anaweza kuhamia chuo kingine. Hosteli iliyojengwa kwa mkopo haihami.

ardhi_na_hati

Nisaidie upande wa ardhi, kwa sababu kinyongo cha miaka ishirini huanzia hapo, hata pale ambapo watu watakuambia shida ni kelele za wanafunzi.

Huko kwenu ardhi nyingi ni ya kimila. Ekari 40 haziwezi kuwa za mtu mmoja. Kila familia inayokalia au kulima kipande itambuliwe kwa jina na mipaka, na mke au mume atoe ridhaa ya maandishi kwa ardhi ambayo familia inaishi juu yake au inakula kutoka kwake. Sheria ya Ardhi ya 1998 inadai ridhaa hiyo, na bila hiyo mauzo yanaweza kubatilishwa. Baada ya hapo kamati ya ardhi ya kaunti ndogo inakuja uwanjani, inasikiliza majirani, inaandika, na kupeleka kwa bodi ya ardhi ya wilaya. Bodi hiyo ndiyo pia yenye orodha ya viwango vya fidia ya mazao na majengo yasiyo ya kudumu. Ombeni orodha ya mwaka huu kabla hamjaanza kujadili bei ya migomba na kahawa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kamati nyingi hazilijui. Kampuni inayodhibitiwa na watu wasio raia hairuhusiwi kumiliki ardhi moja kwa moja Uganda. Inaweza kukodisha tu, isizidi miaka 99. Tazameni wenye hisa ni nani. Na hata kama ni raia, hakuna kinachowalazimisha kuuza. Ukoo unaweza kukodisha kwa miaka 49, kodi ipitiwe upya kila baada ya miaka mitano, na kuwe na kifungu kwamba ardhi ikiacha kutumika kwa elimu, au leseni ikifutwa na isirudishwe ndani ya muda mliokubaliana, inarudi kwa ukoo. Mwekezaji wa kweli atabishana juu ya muda na kodi, hiyo ni haki yake. Akikataa hata kuzungumzia kifungu cha kurudisha, mmeshajua anataka nini.

Kwa wasomaji wa Buganda mambo ni tofauti. Kwenye mailo, yaani ardhi ya Buganda yenye hati ya mtu binafsi, mwenye hati anaweza kuuza akiwa Kampala huku wenye bibanja, yaani wakazi wanaokalia vipande vya ardhi hiyo, wako shambani. Mwenye kibanja anayelindwa na sheria hafukuzwi kwa kubadilika kwa mwenye hati, na mwenye hati akitaka kuuza anapaswa kumpa yeye nafasi ya kwanza. Chuo kinachonunua hati bila kumalizana na bibanja kinanunua kesi.

Jambo la mwisho ni njia za miguu na makaburi. Mpimaji akija, mtembee naye, muonyeshe kila njia ya kisimani, shuleni na kanisani au msikitini, na kila kaburi, viingie kwenye ramani. Siku ukuta unapojengwa juu ya njia ambayo watu wamepita tangu enzi za mababu, ile furaha yote ya ufunguzi inakwisha. Mtoto aliyekuwa anatembea dakika kumi kwenda shule anazunguka nusu saa, na kila asubuhi anakumbushwa kwamba chuo si chake.

Mama_Vyumba

Wenye viwanja kando ya barabara tafadhali someni hii kabla hamjaenda benki.

"Wanafunzi 3,000" si vitanda 3,000. Ulizeni wangapi watasoma mchana siku zote, wangapi jioni, wangapi wikendi, wangapi kwa mtandao. Mwalimu wa msingi anayesomea shahada wikendi analala kwake Budaka au Sironko. Kisha ulizeni chuo kitajenga mabweni yake mangapi, na kama mwaka wa kwanza watalazimika kulala ndani. Toeni hao wote, halafu mgawanye kwa idadi ya hosteli ambazo majirani wenu nao wanapanga. Mara nyingi kila mmoja anapiga hesabu kana kwamba atajenga peke yake.

Tuchukue mfano wa vyumba 20 kwa shilingi 700,000 kila muhula. Mihula miwili ni milioni 28 kwa mwaka, vyumba vyote vikijaa. Kodi ya mapato ya upangishaji kwa mtu binafsi tangu Julai 2023 ni asilimia 12 ya pango lote la mwaka linalozidi shilingi 2,820,000, bila kutoa gharama. Hapo utalipa shilingi 3,021,600. Mlinzi, umeme wa taa za nje, maji, kuvuta choo, rangi na vitasa utavitoa kwenye kinachobaki.

Kinachowaangusha wengi ni kalenda. Muhula una wiki 17 hivi, kwa hiyo miwili ni kama miezi minane. Pesa zinaingia kwa mafungu mawili, karibu Agosti na Septemba, tena karibu Januari na Februari. Benki inataka rejesho kila mwezi, miezi 12. Kuanzia Juni hosteli ni tupu na mkopo unaendelea kula. Mwombe mkopeshaji akupangie marejesho kwa muhula kabla hujasaini. Na jenga vyumba ambavyo muuguzi au mwalimu mwenye familia anaweza kupanga: mlango wake, jiko lake dogo, choo chake. Vile vyumba vya vitanda vinne na bafu la pamoja ukumbini havina mpangaji mwingine zaidi ya mwanafunzi. Machi 2020 serikali ilipofunga shule na vyuo kwa sababu ya korona, wenye vyumba vya familia walibaki na mtu wa kumpangisha.

Upande wa pili wa shilingi ni wapangaji wa sasa. Mtu anayekaa kwenye muzigo wa chumba kimoja, fundi au muuza mboga, ndiye wa kwanza kuambiwa ahame ili chumba kipakwe rangi kiwe cha wanafunzi. Huyu hasemi mkutanoni, na anahama kimyakimya. Sheria ya mwenye nyumba na mpangaji ya 2022 inaweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka katika kupandisha kodi. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, awasomee watu kifungu hicho mapema.

chini_ya_Wanale

Asanteni sana, hii ya kalenda ya benki hatukuiwaza kabisa. Mama_Vyumba, nitaisoma hadharani.

Kuhusu maji: tuna kisima kimoja cha pampu ya mkono na chemchemi moja iliyojengewa. Mwekezaji anasema atachimba kisima chake, na wanakijiji watachota bure. Je, hilo linatosha?

bomba_na_tangi

Haitoshi kama ahadi. Inaweza kutosha kama hesabu.

Kiwango cha serikali ni kisima kimoja cha pampu kwa watu 300 na chemchemi moja kwa watu 200. Kwa hiyo vyanzo vyenu viwili ni vya watu 500. Hesabuni mko wangapi leo, maana huenda mmeshazidi hata kabla ya chuo.

Sasa mwanafunzi anayeishi hosteli, anaoga, anafua na anatumia choo cha maji, mpeni lita 50 kwa siku, na hapo hajatumia vibaya. Wanafunzi 500 tu ni lita 25,000 kila siku. Pampu ya mkono inayotoa lita 700 kwa saa ingehitaji saa 36 kupata hizo, na siku ina 24. Kwa hiyo chuo lazima kiwe na kisima kirefu chenye mota na matangi, au kivute bomba la shirika la maji la taifa, National Water. Kabla ya kuchimba kuwe na upimaji wa maji chini ya ardhi, na baada ya kuchimba kuwe na jaribio la kusukuma maji kwa saa nyingi mfululizo. Wakati wa jaribio hilo mtu wenu akae kwenye kisima cha kijiji na kamba yenye alama, apime kina cha maji kila saa. Kikishuka sana, mota ya chuo itawakausha wakati wa kiangazi. Andikeni kwamba ripoti ya jaribio inapewa kaunti ndogo.

Bomba la wanakijiji liwe nje ya geti. Likiwa ndani, siku ya kwanza ya mgomo wa wanafunzi au ya mlinzi mpya mwenye ukali, maji yamefungwa. Liwe na mita yake, na ieleweke umeme wa mota analipa nani. Bure isiyo na mlipaji hudumu mwaka mmoja.

Majitaka ndiyo watu huyasahau. Hizo lita 25,000 zinatoka tena, chafu. Choo au shimo la kunyonya maji liwe mita 30 au zaidi kutoka chanzo cha maji, na lisiwe upande wa juu wa mteremko. Huko kwenu chini ya mlima hili ni zito, kila kitu kinatiririka kwenda kwa jirani. Mradi wa ukubwa huu unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira na jamii inayopitishwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na wananchi wana nafasi ya kusikilizwa wakati inaandaliwa. Ombeni nakala. Msisaini karatasi ya mahudhurio ya mkutano ambao haukufanyika. Karatasi hizo hugeuzwa ushahidi kwamba jamii imekubali.

hojaji_na_kalamu

Swali la pili, la kukusanya maoni.

Kwanza acheni swali "Je, unaunga mkono chuo?" Mtu atajibu kulingana na anayemuuliza. Akiuliza kijana aliyetambulishwa na mwenyekiti, jibu ni ndiyo. Akiuliza mpinzani wa mwenyekiti, jibu ni hapana. Ulizeni mambo yenye tarehe, kiasi na mahali: unachota maji wapi na mara ngapi? Unalipa kodi ya nyumba kiasi gani? Una mtoto aliyemaliza kidato cha sita, na sasa yuko wapi? Ni njia ipi unayopita kwenda shamba? Majibu hayo yatawaambia nani atapata na nani atapoteza, na mnaweza kuyarudia baada ya miaka mitatu mkaona nini kimebadilika.

Pili, msichukue watu walio barabarani tu. Gawanyeni kijiji kwa umbali kutoka uwanja unaokusudiwa: wanaopakana nao, walio ndani ya kilomita mbili, walio mbali zaidi. Katika kila ukanda tafuteni wenye ardhi, wapangaji, wauza chakula, boda, vijana walioachia kidato cha nne, wazee wa ukoo, walimu, na wahudumu wa kituo cha afya. Wanawake waulizwe na mwanamke, wakiwa peke yao. Swali la kuuza ardhi ya familia mbele ya mume halina jibu la kweli.

Idadi: wanafunzi wetu wengi hutumia jedwali la Krejcie na Morgan la 1970. Kwa watu 1,000 linasema 278, kwa 10,000 linasema 370. Ni sawa kama mnataka asilimia za kuripoti. Kwa uamuzi wa parishi, mazungumzo 60 yaliyochaguliwa vizuri katika makundi hayo yatawafaa kuliko hojaji 278 zilizojazwa sokoni siku moja. Kama kuna mwanafunzi atakayetumia takwimu hizo kwa tasnifu, apate kwanza kibali cha kamati ya maadili ya utafiti.

Lugha pia ina uzito. Lumasaba nyumbani, Kiswahili stegini na sokoni, Kiingereza kwa nadra. Tafsiri ya maswali ifanywe na watu wawili mbalimbali, kisha walinganishe, hasa maneno ya ardhi na ada.

Na ninaomba sana hili: pelekeni watu sita, nusu wawe wanawake, waende mji wenye chuo binafsi cha miaka kumi au zaidi. Waende mara mbili, wakati wa muhula na wakati wa likizo. Muhula utawaonyesha roleksi, ile chapati ya mayai, ikiuzwa hadi usiku. Likizo itawaonyesha kinachobaki. Waulize kila mtu swali moja la nyongeza: umewahi kuingia ndani ya geti, na uliingia kwa kazi gani? Pale ambapo majirani wameingia kwa maktaba, zahanati, mkutano au mpira, maneno ni tofauti kabisa na pale walipoingia kwa kufyeka nyasi tu.

Ishaka_Bypass

Nimeona mnawatisha wenzetu. Naomba niweke uzito upande wa pili, maana faida ni za kweli.

Angalieni Ishaka, wilaya ya Bushenyi, ambako Kampala International University kina kampasi ya magharibi yenye hospitali ya kufundishia. Mji mdogo wa barabarani ukiwa na hospitali ya namna hiyo una madaktari na wanafunzi wa tiba karibu. Angalieni Kagadi, ambako African Rural University, chuo cha wanawake kilichoanzishwa na shirika la URDT, kinawafundisha wasichana kufanya kazi ya maendeleo vijijini kwenyewe. Majirani wanawaona wanafunzi shambani, hawawaoni barabarani tu. Na kuna wazazi wasio wa dini ya chuo wanaopeleka watoto kwenye vyuo vya dini kwa sababu ya kanuni za mavazi na nidhamu. Hata Islamic University kinapokea wasio Waislamu. Pia vyuo hivi vimeleta Wakenya, Watanzania, Wakongo na Wasudan Kusini, na Kiswahili kimepata soko katika miji ambayo zamani kilisikika kwenye lori na kambi tu.

Kuna pia mapato ya serikali ya mtaa. Kodi ya huduma ya mtaa hukatwa kwenye mishahara ya wafanyakazi, haizidi shilingi 100,000 kwa mtu kwa mwaka, lakini wafanyakazi 150 ni kitu kwa kaunti ndogo. Ila makao ya malipo yawe huko, yasiwe ofisi ya Kampala.

Kwa hiyo swali langu kwa kamati: mmewauliza wawekezaji watafundisha nini? Chuo cha biashara na utawala tu kitawaletea wapangaji. Chuo chenye uuguzi, kilimo au ualimu kitagusa kituo cha afya, kahawa na shule zenu.

Karani_wa_Seneti

Nakubaliana na Ishaka_Bypass kuhusu kozi. Niongeze juu ya ada, kwa sababu wazee wa chini_ya_Wanale wana haki, na hapo ndipo ahadi hupotea.

Wawekezaji husema "tutasomesha wenyeji kumi kila mwaka". Andikeni maneno yafuatayo au msiandike kabisa. Mwenyeji ni nani: aliyezaliwa parishi hii, au mwenye mzazi anayeishi humo kwa miaka mitano? Nani anachagua: kamati yenye mwakilishi wa shule za sekondari za jirani, au ofisi ya chuo peke yake? Ufadhili unalipa nini? Ada ya masomo ni sehemu moja tu. Kuna ada za ziada za usajili, maktaba, mitihani, utafiti na mahafali, na mtoto wa maskini hukwama hapo akiwa mwaka wa pili huku jina lake bado linasomwa kwenye orodha ya wafadhiliwa. Sema "ada ya masomo na ada zote za ziada, kwa muda wote wa kozi, mradi anafaulu".

Msitegemee mkopo wa serikali mapema. Bodi ya kufadhili wanafunzi wa elimu ya juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2014, inakopesha pia kwa vyuo binafsi, lakini ni vyenye chata vilivyomo katika mpango wake. Chuo kipya chenye leseni ya muda hakimo. Tena mkopo unalipia ada ya masomo, ada za ziada na utafiti. Chakula na malazi ni juu ya mzazi, na marejesho yanaanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo.

Kingine: ombeni kiti kimoja cha jamii kwenye baraza la chuo. Kisiwe cha mwanasiasa kwa cheo chake. Achaguliwe na mkutano wa parishi kwa muda maalumu, na alete taarifa kila muhula.

soko_la_Jumanne

Nimesoma yote. Hakuna aliyegusa chakula, na huko ndiko kina mama watakakoingia.

Jiko la wanafunzi 500 wanaokula mara moja kwa siku, gramu 250 za unga wa posho (ugali wa mahindi) na gramu 100 za maharage kwa kila mmoja, ni kilo 125 za unga na kilo 50 za maharage kila siku. Kwa wiki ya siku tano ni kilo 625 na 250. Mkulima mmoja hawezi, kikundi cha wakulima 30 kinaweza. Lakini mhasibu wa chuo atataka namba ya mlipakodi, ankara na akaunti ya benki, na asipozipata atanunua kwa tajiri wa mjini mwenye lori. Sajilini ushirika sasa, msingoje jiwe la msingi.

Kinachowavunja wauzaji wadogo ni malipo kuchelewa. Chuo binafsi kinaishi kwa ada, na wazazi hulipa kwa mafungu hadi karibu na mitihani. Katikati ya muhula kasha ni tupu, na wa mwisho kulipwa ni aliyeleta maharage. Andikeni siku 30, na haki ya kusimamisha mzigo zikipita bila kudaiwa fidia. Wekeni pia malipo ya awali ya wiki mbili mwanzoni mwa kila muhula, wakati ada zinaingia.

chini_ya_Wanale

Tunaandika. Swali la mwisho: mkataba huu usainiwe na nani upande wetu? Mwenyekiti anasema saini yake inatosha.

ardhi_na_hati

Haitoshi, ndugu. Ya mwenyekiti ni ushahidi tu kwamba mkutano ulifanyika. Mkataba wa ardhi unasainiwa na kila familia inayoguswa, mke na mume, pamoja na wawakilishi wa ukoo waliochaguliwa kwa kikao chenye kumbukumbu. Mkataba wa huduma, yaani maji, njia, ufadhili na chakula, usainiwe na kaunti ndogo kupitia mkuu wa utawala wake, baada ya baraza la LC3 kupitisha azimio, na wakili wenu aupitie. Wakili awe wenu, mlipe nyinyi. Nakala zibaki kaunti ndogo, wilayani na kwa ukoo. Mkataba wa huduma utajwe ndani ya mkataba wa ardhi kama sharti, ili kuvunja mmoja kuwe ni kuvunja wote. Vikitenganishwa, mwekezaji atabaki na ardhi na nyinyi mtabaki na barua ya ahadi.